Kubadilika si Kukua: Kiswahili Darasani na Kazini, Arua na Koboko

Katika lugha yetu vimo vitenzi viwili ambavyo aghalabu hutumiwa kana kwamba ni pacha, hali si ndugu hata wa mbali. Cha kwanza ni badili, cha pili ni kua. Soma taarifa za shule, sikiliza hotuba za wageni wa heshima, pitia ripoti za maofisi: kila palipobadilishwa jambo pameandikwa kwamba jambo limekua. Mtaala mpya, ratiba mpya, kibao kipya langoni, cheo kipya mlangoni, vyote vyahesabiwa kuwa makuzi. Sisi tulio walimu wa lugha tunayo haki, tena tuna wajibu, wa kuuliza kama maneno haya yamewekwa mahali pake.

Na tuanze na sarufi, maana sarufi haina upendeleo. Kitenzi badili chadai mtendaji na mtendwa: fulani amebadili kitu. Mtendaji akifichwa twapata kubadilishwa, na hapo kitu kimefanyiwa jambo na mtu asiyetajwa jina. Kua hakina mtendwa. Mtoto amekua, mti umekua. Hakuna awezaye kumtendea mwenzake tendo hilo. Twaweza kukuza, ndiyo, yaani kutia maji na kupalilia, lakini kazi ya kukua yabaki ya mwenyewe. Na ukilazimisha kauli ya kutendwa, kwa kufuata mfano wa chukua na chukuliwa, utapata kuliwa, neno ambalo kila mtoto analijua kwa maana nyingine kabisa. Wanafunzi hucheka tunapoliandika ubaoni. Nasi hucheka nao, ila moyoni twakumbuka kwamba zimewahi kuwako shule zilizokuzwa kwa amri hata zikaliwa kweli.

Mfano ulio karibu nasi kuliko yote ni safari ya Kiswahili chenyewe katika Uganda. Mwaka 1927 Gavana Gowers alipendekeza kitumike katika elimu na utawala kwa sehemu kubwa ya nchi. Kabaka Daudi Chwa akapinga, na maaskofu wakapinga. Mwaka 1952 kikaondolewa miongoni mwa lugha zilizotambuliwa shuleni. Agosti 1973 Idi Amin, mwenye asili ya Koboko, akatangaza kuwa ndicho lugha ya taifa, na kesho yake walimu wakaingia darasani wakafundisha kwa Kiingereza kama jana. Serikali yake ilipoanguka mwaka 1979, tangazo lile halikuwa na mizizi ya kulishikilia. Waraka wa Serikali juu ya elimu wa mwaka 1992 ukataka kifundishwe kwa lazima. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yakakifanya lugha rasmi ya pili. Mtaala mpya wa sekondari ulioanza mwaka 2020 ukakiweka katika masomo ya lazima ya miaka miwili ya kwanza, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaagiza kiwe somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari pia.

Kwa mambo ya namna hii Kiswahili kina neno zuri, mageuzi, nalo ni jamaa ya geuka. Anayegeuka robo mzunguko mara nne hujikuta anatazama pale pale alipoanza kutazama. Amechoka, kizunguzungu kimempata, lakini hajapiga hatua.

Ila wakati matangazo hayo yakitolewa na kufutwa huko Entebbe na Kampala, kulikuwa na jambo jingine likienda kimya kimya huku West Nile. Wilaya hii ilitolewa Sudan ikatiwa Uganda mwaka 1914, na boma likawekwa Arua. Vijana wa Kilugbara, wa Kikakwa na wa Kialur waliandikwa katika King's African Rifles, wakajifunza Kiswahili cha kikosini. Wengine walikwenda kusini kukata miwa katika mashamba makubwa ya Lugazi na Kakira, wakarudi na Kiswahili cha kambi za vibarua. Wanubi, waliotokana na askari wa Emin Pasha, walikuwa na Kinubi chao nyumbani na Kiswahili dukani. Koboko nayo iko mahali pa pekee: mipaka ya Uganda, Kongo na Sudan Kusini yakutana hapo jirani, na Wakakwa wanaishi katika nchi zote tatu. Vita vilipowafukuza watu wa Arua na Koboko mwaka 1979 na mwaka 1980, waliokimbilia Zaire wakakaa na Lingala na Kiswahili, waliokimbilia Sudan wakakaa na Kiarabu cha Juba. Waliporudi walikuja na lugha hizo pamoja na masufuria yao. Hakuna waziri aliyetia sahihi. Na sasa Sudan Kusini imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2016, na Kongo tangu mwaka 2022, basi mtoto wa Koboko anayevuka mpaka kwenda sokoni hatoki nje ya Jumuiya inayokitaka Kiswahili.

Kwa hiyo mtoto huyo anapoingia Kidato cha Kwanza haingii mikono mitupu. Anacho Kiswahili cha soko, cha gereji, cha kituo cha magari. Swali letu ni hili: shule yamfanya nini mtoto mwenye mche tayari? Yautilia maji, au yaung'oa ipande wa kwake?

Tuliwahi kukaa nyuma ya darasa moja la Koboko, katika shule ambayo hatutaitaja, maana mwalimu wake alikuwa mtu mwema mwenye wanafunzi wengi na kalamu nyekundu moja. Tuliazima madaftari tukayasoma. Katika daftari la kijana mmoja Mkakwa, sentensi moja ilirudi mara nne kwa muda wa mihula miwili. Kwanza aliandika: "Nyumbani iko kitabu mingi." Akapata alama ya kosa. Baadaye: "Nyumbani kuna kitabu nyingi." Kosa. Kisha: "Nyumbani kuna vitabu nyingi." Kosa. Mwishowe: "Nyumbani kuna vitabu vingi." Hapo ndipo alipopata alama yake ya kwanza.

Wenzetu, tuyatazame makosa hayo kwa jicho la mwalimu, si la karani. Kikakwa ni jamaa ya Kibari cha Sudan Kusini. Kilugbara ni jamaa ya Kimadi. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyo lugha ya Kibantu, na hakuna iliyo na ngeli za majina kama hizi zetu. Mtoto huyu alipoandika mara ya kwanza alikuwa hajui kwamba jina laweza kuamrisha neno linalolifuata. Mara ya pili ameng'amua kwamba iko imepata mwenzake mzuri zaidi, kuna, na kwamba kivumishi hubadilika; akachukua umbo alilolisikia mara nyingi, nyingi, la nyumba nyingi na siku nyingi. Mara ya tatu jina limeingia katika wingi wake. Mara ya nne vitu vyote vimeshikana. Hii ni kazi kubwa ya akili. Mtoto amejenga chumba kizima ambacho hakikuwamo katika nyumba ya lugha yake, na katika muda wote wa ujenzi aliambiwa kwamba hajafanya kitu.

Jirani yake, binti aliyelelewa Kampala na kuzoea Kiganda, aliandika "bitabu bingi". Alama ya kosa, rangi ile ile. Lakini binti huyu hana haja ya kujenga chumba! Kwao husemwa ebitabo bingi. Upatanisho wa kisarufi aliunyonya pamoja na maziwa. Kilichobaki ni kubadili sauti moja, bi- iwe vi-, na bi- hiyo husikika pia kwa majirani zetu wa Kongo ya mashariki. Kazi ya dakika kumi. Huyu anahitaji badiliko, yule anahitaji makuzi, na kalamu nyekundu imewatendea sawasawa.

Kulikuwa na wa tatu, naye ndiye aliyetutia wasiwasi zaidi. Daftari lake lilikuwa safi, "vitabu vingi" tangu wiki ya pili, alama zote. Wakati wa mapumziko tukamwuliza kwa Kiswahili kama darasani kuna viti vya kutosha. Akajibu kwa furaha: "Ndiyo, iko kiti mingi." Alikuwa ameyakariri maneno mawili ya ubaoni kama mtu akaririvyo namba ya gari. Daftari lilibadilika; mwenye daftari alibaki vile vile. Na katika taarifa ya mwisho wa muhula, huyu ndiye aliyeandikiwa kwamba amepiga hatua kubwa.

Yasije yakadhaniwa kwamba tunayachukia mabadiliko. La hasha. Mche uliobanwa ndani ya kopo hauna budi kuhamishwa, na kuuhamisha ni badiliko. Mwaka 2007 shule za msingi zilipoagizwa kufundisha madarasa matatu ya mwanzo kwa lugha ya mahali, Kilugbara huku Arua na Kikakwa huko Koboko, badiliko lile lilipanua udongo wa mtoto. Mtaala wa 2020 nao unasema mambo tunayoyapenda: kwamba kazi za mwaka mzima za mwanafunzi zihesabiwe asilimia 20 katika matokeo yake ya mwisho, na mtihani asilimia 80. Ile asilimia 20 ndiyo nafasi ya kijana wetu Mkakwa na sentensi zake nne. Lakini ikiwa mwalimu ataijaza kwa majaribio madogo madogo yaliyofanana na mtihani, basi itakuwa ni mtihani uliokatwa vipande.

Na hapa tuna lawama isiyo ndogo. Mtaala huo huo umekifanya Kiswahili kuwa cha lazima katika Kidato cha Kwanza na cha Pili tu, kisha wawaachia wanafunzi wachague. Kwa binti wa Kampala miaka miwili yatosha kumweka sawa. Kwa Mlugbara wa Vurra au Mkakwa wa Oraba, miaka miwili ndiyo muda wa kuchimba msingi. Anapoanza kuona ukuta unainuka, somo laondolewa mbele yake, hasa pale ambapo shule haina mwalimu wa kuendelea naye. Aliyeupanga mpango huo, twaona, alifikiri juu ya kubadilisha mtaala, hakufikiri juu ya muda wa kukua kwa ngeli katika kichwa cha mtoto ambaye lugha yake haina ngeli.

Fasihi ya majirani zetu wa ng'ambo ya Mto Nile imewahi kulitafakari jambo hili. Okot p'Bitek wa Gulu alitoa utenzi wake juu ya Lawino kwa Kiingereza mwaka 1966, nao ule wa Kiacholi ukatoka mwaka 1969. Kiswahili tumeupata kwa mkono wa Paul Sozigwa. Kwa mazoea utungo huu hufundishwa kama ugomvi wa mambo ya kale na mambo ya kisasa: Lawino ni mila, Ocol ni elimu. Usomaji huo wautosha mtihani, lakini haumtoshi mwalimu. Ocol ni mtu aliyebadilika kila kitu: mavazi, chakula, saa, lugha, mke. Jambo ambalo hatulioni kwake ni kitu kimoja alichokuwa nacho kijijini ambacho elimu imekifanya kiwe kikubwa zaidi. Hakukua kutoka mahali, alihama. Lawino naye, kwa ufasaha wake wote, hataki kuguswa. Basi nani amekua? Jibu letu ni kwamba wa tatu, asiyeimba, ndiye aliyekua: mtunzi mwenyewe. Alisoma Bristol, akasoma sheria Aberystwyth, akasoma Oxford, na alichokirudisha ni wimbo wa Kiacholi ulioenea hata ukaweza kubeba hoja ya Afrika nzima. Wapo watakaotupinga kwamba mtunzi si mhusika. Ni kweli, lakini mwalimu wa Arua anayeusoma utenzi huo mbele ya vijana arobaini hana sababu ya kuwaficha mfano ulio hai.

Tukitoka shuleni twende kazini, mambo ni yale yale, ila huko mara nyingine watu wasio na shahada hutushinda. Pitia gereji yoyote ya Arua. Mwanagenzi akifika, fundi hampi cheo wala fomu. Kwanza huosha vyombo. Kisha hujifunza kumpa fundi spana aitakayo bila kuonyeshwa kwa kidole. Kisha hulegeza nati, lakini haruhusiwi kuzikaza. Kisha hukaza, fundi akikagua. Siku moja, pengine mwaka umekwisha, pengine miwili, fundi huondoka kwenda kula mchana akimwacha na gari la mteja, breki zikiwa chini. Hapo hakuna sherehe, hakuna picha, lakini wote waliopo wajua kilichotokea. Kipimo cha fundi ni jambo awezalo kumwachia kijana peke yake. Nalo kila hatua laibeba ile iliyotangulia: anayekaza breki hajaacha kuujua mpangilio wa vyombo.

Linganisha na ofisi moja ya mji huo huo, ambayo wema watuzuia kuitaja. Makarani waliitwa semina ya siku tatu juu ya mageuzi ya utendaji. Wakarudi na mikoba na vyeti, wakakuta vyeo vyao vimebadilishwa, kila mmoja sasa ni msimamizi wa jambo fulani. Mwezi uliofuata mama mmoja mkimbizi kutoka Kongo alifika dirishani akieleza shida yake kwa Kiswahili, na wasimamizi wote watatu wakatafuta mfagizi aje awatafsirie. Mfagizi hakualikwa semina.

Lakini haki yataka tuseme na upande wa pili, maana si kila kilichodumu kazini kimekua. Kiswahili kimekaa katika jeshi na polisi ya Uganda tangu ukoloni, muda mrefu kuliko katika shule yoyote yetu. Ndani ya kambi, katika nyumba za askari na watoto wao, kiliishi maisha kamili, kikaimba na kubembeleza. Lakini raia aliyesimamishwa njiani katika miaka ile ya taabu alikisikia katika hali moja tu, hali ya kuamuru: simama, shuka, leta, lala chini. Hakusikia "ikiwa", hakusikia "tafadhali", hakusikia "kesho tutaonana". Lugha yenye hali nyingi ilipunguzwa ikawa na hali moja, na ndiyo sababu wazazi wengi wa Uganda, hata leo, mtoto akirudi na daftari la Kiswahili hukunja uso. Miaka haikuleta makuzi, kwa kuwa kazi yenyewe ilikuwa haina nafasi ya kujibiwa. Mwalimu wa Kiswahili katika West Nile hana budi kulijua hili kabla ya kuingia darasani akianza somo lake la kwanza na "Simameni! Ketini!" Sisi wenyewe tulianza hivyo miaka mingi, bila kufikiri.

Tumejaribu njia nyingine, na twaieleza hapa kwa ufupi ili wenzetu waipime. Mwanafunzi mpya hupewa ukurasa mmoja aandike lolote kwa Kiswahili alicho nacho, kiwe cha soko au cha kambi. Ukurasa huo hausahihishwi. Wahifadhiwa. Kila mwisho wa muhula huandika juu ya jambo lile lile, na kurasa huwekwa pamoja. Makosa tunayagawa mafungu mawili: yale ya kubadilisha sauti au neno, tunayasahihisha papo hapo, yale ya kukua, kama upatanisho wa ngeli, tunaandika pembeni ni hatua ya ngapi mtoto amefikia. "Vitabu nyingi" yapata alama kwetu, na "kitabu nyingi" haiachwi bila kitu, ingawa mkaguzi mmoja alitutazama kama watu walioshikwa na jua.

Kazi hii yachosha, na kwa mwalimu mwenye madarasa matano haiwezekani yote. Tena hatujajua bado hatua za kukua kwa viambishi vya vitenzi kwa mtoto wa Kilugbara. Za vivumishi ndizo tulizoziona wazi. Basi twawaomba wenzetu wa Yumbe, Moyo, Nebbi na Maracha, na walimu wanaofundisha wakimbizi katika Lobule, Rhino Camp na Imvepi, watutumie nakala za kurasa za wanafunzi wao, bila majina ya watoto, zenye sentensi iliyorudi zaidi ya mara moja. Zije na makosa yake yote. Zile safi tunazo nyingi.